Kuchora sura ya bibi kwa pasteli kutoka kwenye picha ya zamani

1. Picha. Chagua picha ambayo mwanga umeangukia upande mmoja wa uso, kwa sababu flashi ya mbele hufuta vivuli vya pua na mashavu, na bila vivuli hivyo uso haujengeki. Ikuze na uichapishe, kisha irudishe ile ya asili kwenye albamu, mbali na vumbi la chaki.

2. Vifaa. Ninazungumzia pasteli kavu, yaani vijiti vya rangi vinavyofanana na chaki, si zile za mafuta. Karatasi iwe ya kahawia au ya kijivu kilichokoza. Nyeupe siipendekezi hata kidogo kwa ngozi zetu. Karatasi ya Canson Mi-Teintes ina upande wenye vishimo na upande ulio laini zaidi, nami kwa uso hutumia ule laini.

3. Mchoro wa awali. Gawa picha na karatasi kwa miraba iliyo sawa kwa idadi, kisha hamisha mistari kwa mkaa wa kuchorea. Usitumie penseli, kwa kuwa mistari yake huteleza na pasteli haiishiki.

4. Ngozi. Hapa ndipo wengi wa ninaowafundisha hukwama, kwa hiyo usiwe na haraka. Ukitumia chaki nyeusi kwa vivuli na nyeupe kwa mng'ao, uso utaonekana kama uliopakwa masizi na majivu. Ngozi nyeusi huakisi mwanga unaoizunguka: karibu na dirisha, mng'ao wa paji la uso huelekea samawati; chini ya taa ya njano huelekea dhahabu; na kivuli kilicho chini ya kidevu hupokea rangi ya nguo, hivi kwamba kanga nyekundu huacha wekundu shingoni. Picha isiyo na rangi haiwezi kukuonyesha hayo. Mwombe ndugu mwenye ngozi inayofanana na ya bibi akae mahali ambapo mwanga unamwangukia kama ulivyo kwenye picha, umtazame yeye kwa rangi, na picha kwa umbo tu.

Anza vivuli kwa nili au zambarau iliyokoza, weka kahawia juu yake, kisha rangi ya udongo mwekundu, na umalizie kwa mng'ao. Bonyeza kidogo sana, kwani karatasi ikishajaa haipokei rangi nyingine. Ikijaa, isimamishe wima na uipunguze kwa brashi ngumu iliyo kavu. Usipulize vumbi kwa mdomo, maana utalivuta kifuani. Usisugue kwa kidole pia: rangi hizo zikikaa bega kwa bega ngozi huwa hai, zikisuguliwa huwa tope. Kila mara finya macho ulinganishe giza na mwanga wa mchoro na wa picha.

5. Kanga na usuli. Dokeza tu, pindo likichorwa kwa ukamilifu litashindana na macho.

6. Fremu. Dawa ya kukazia rangi hufifisha mng'ao uliouhangaikia, kwa hiyo mimi siipulizi. Weka kioo, na kati yake na mchoro pawe na ukingo wa kadi nene ili visigusane.