Kasuku aliyefiwa: la kufanya tangu siku ya msiba

Kasuku wa kijivu akitunzwa vyema hupita miaka 40, kwa hiyo si ajabu mwenyewe kutangulia na ndege akabaki. Nimepokea kadhaa wa namna hiyo hapa Mombasa. Kosa ni lile lile: watu hukimbilia kumtafutia mlezi mpya kabla hawajajua marehemu alikuwa akimfanyia nini.

Hatua ya 1: Mtoe penye matanga. Mapafu ya ndege hayastahimili moshi. Chetezo cha udi kikiwa sebuleni, yeye asiwepo. Mhamishe na tundu lake lile lile, vijiti vyake vile vile hata kama vimechakaa, hadi chumba chenye dirisha. Asiachwe peke yake kutwa.

Hatua ya 2: Mpime. Tumia mizani ya jikoni, kila asubuhi kabla hajala, na uandike. Akikataa kupanda, usimkamate; funga kijiti juu ya mizani, weka karanga, ungoje. Wengi wana gramu 400 hadi 500. Akipungua sehemu moja ya kumi, au akijitutumua manyoya na kukaa chini ya tundu, usingoje arobaini ipite: nenda kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Ndege huficha maradhi, nawe utadhani ni majonzi tu.

Hatua ya 3: Uliza. Hapa ndipo pa kutumia muda. Waulize dada wa kazi, majirani, wajukuu: tundu lake lilifunuliwa saa ngapi? Redio ipi ilikuwa ikilia? Nani alimlisha kwa mkono? Kasuku mmoja alinigomea chakula siku mbili nzima. Dada wa kazi akaniambia marehemu bibi alikuwa akimmegea mahamri kwenye chai ya saa kumi. Si chakula cha ndege, najua. Saa kumi nikammegea chembe, akala. Kesho yake akagusa papai.

Hatua ya 4: Mlezi awe mtu mmoja. Kaa kando ya tundu, soma gazeti lako, usimkazie macho wala kuingiza mkono. Mpitishie pilipili kwenye nyaya (kasuku hawausikii ukali wake) umwache achukue mwenyewe. Parachichi na chokoleti, kamwe. Usiku apate giza kwa muda wa saa 10 hadi 12. Huenda ukangoja miezi.

Hatua ya 5: Sauti ya marehemu. Mgeni atapiga hodi, na kasuku ataitika "Karibu, pita ndani!" kwa sauti ya bibi. Nyumba nzima italia. Usimfunike, usimkemee, anaita kama ndege anavyoita kundi lake. Mjibu neno lilo hilo kwa sauti yako. Kama wafiwa hawawezi kuisikia, wana haki, basi aende kwa jamaa mmoja mapema, asizungushwe nyumba hadi nyumba. Kabla ya kumhamisha, ulizeni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kuhusu kibali, maana kasuku hawa wamo tangu 2017 katika Orodha ya Kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Hatua ya 6: Akijinyonyoa. Daktari kwanza, huenda ni ugonjwa. Kisha mpe makumbi ya nazi na makuti ayararue. Ukimpigia kelele, ataona amekupata. Yule wa mahamri alijinyonyoa kifua chote. Manyoya yameota tena, isipokuwa kidoa kimoja ambacho hadi leo ni kitupu.