Kinga ya masikio kwa mwindaji wa bata mwitu: namna ya kuchagua, hatua kwa hatua

Mwindaji wa bata mwitu hutumia masikio kabla ya macho. Mimi huwinda katika ghuba ya The Wash, pwani ya mashariki ya England, kati ya Norfolk na Lincolnshire. Huko, kabla ya mapambazuko, bata bukini wa miguu ya waridi waliotoka Iceland na Greenland husikika wakiitana gizani muda mrefu kabla ya kuonekana. Dume la wigeon, aina ya bata mwitu, hupiga mbinja, na kundi likipita chini unasikia mbawa. Ndiyo sababu wengi huacha masikio wazi: wanaogopa kupitwa na ndege.

Hofu hiyo ina msingi, na mwongozo wowote unaoipuuza hautakusaidia. Kinga inayokuziba usisikie ndege utaivua, na kundi halitakusubiri uivae tena. Kwa hiyo tafuta kinga unayoweza kukaa nayo tangu unapotia risasi hadi unapoitoa. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti inakuja baada ya hilo.

Hatua ya 1: Ujue mlio wenyewe

Bunduki ya marisau ya kaliba 12 hutoa mlio ambao kilele chake hupita desibeli 150 kwenye sikio la mpigaji. Kanuni za Uingereza za kelele kazini za mwaka 2005 haziruhusu sikio la mfanyakazi lifikiwe na kilele kinachozidi desibeli 140. Pengo hilo linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini desibeli hazihesabiki kama kilo: zikiongezeka 20, shinikizo la sauti limezidishwa mara kumi. Risasi moja tu inaweza kuacha jeraha.

Kinachoumia ni seli zenye vinyweleo ndani ya koklea, sehemu ya ndani kabisa ya sikio. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba kuku na kware huotesha seli hizo upya zikiharibika. Binadamu hatuna uwezo huo. Usikivu huanza kupungua kwenye sauti nyembamba, kati ya hezi 3,000 na 6,000, na mhusika hagundui mapema kwa sababu ngurumo na sauti nene bado anazisikia vizuri. Anachoanza kukosa ni «s», «f» na «sh» katika maneno ya watu, hasa pakiwa na kelele nyingine.

Ukipigia bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki, na ndilo linaloumia zaidi. La kulia hukingwa kidogo na kichwa. Lakini hatari kubwa kuliko bunduki yako mwenyewe ni ya mwenzako. Mtutu wake ukipita mbele ya uso wako, umekaa pale mlio unapotokea. Kabla hakujapambazuka kubalianeni kila mmoja atapiga upande gani, na mkae kwenye mstari mmoja, asiwepo aliye mbele ya mwingine. Mkiwa ndani ya kibanda cha maficho chenye kuta na paa, mlio hugonga ubao na kuwarudia.

Hatua ya 2: Soma namba bila kudanganyika

Pakiti za Ulaya huandikwa SNR, namba moja ya desibeli ambazo kinga inapunguza kwa jumla, pamoja na herufi H, M na L zinazoonyesha kinga inapunguza kiasi gani kwa sauti nyembamba, za kati na nene. Za Marekani huandikwa NRR, namba ya aina hiyohiyo. Usilinganishe SNR ya bidhaa moja na NRR ya nyingine, maana hazikupimwa kwa njia moja.

Namba hizo zilipatikana maabara, kwa watu waliovalishwa vizuri. Wewe utavaa gizani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. HSE, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, inashauri kutoa desibeli 4 kutoka kwenye namba ya pakiti. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, katika mwongozo wake wa 1998, ilikuwa kali zaidi: punguza NRR kwa asilimia 25 kwa vifuniko vya masikio, 50 kwa vizibo vya sponji na 70 kwa vizibo vingine. Ndiyo kusema kizibo cha sponji chenye NRR 33 kihesabiwe kama 16 au 17. Mimi nikinunua huitazama M kwanza, halafu nahakikisha pana alama ya EN 352, kiwango cha Ulaya cha kinga za masikio. Kitu kisicho na namba wala alama hiyo nakirudisha rafuni, hata muuzaji akisifu vipi.

Hatua ya 3: Chagua aina

*Vizibo vya sponji.* Bei yake ni ndogo sana na vikivaliwa sawasawa vinakinga vizuri kuliko vitu vingi vya gharama. Tatizo ni kwamba vinaziba kila kitu, ndege na rafiki anayekuonya pamoja. Weka jozi kadhaa mfukoni kama akiba.

*Vizibo vyenye kichujio.* Vina tundu dogo ndani: sauti ndogo hupita, mlio mkubwa hukwama. Havina betri, haviogopi maji, na kofia ya sufu inakaa juu yake bila shida. Kinga yake ni ndogo kuliko ya sponji. Kwa anayewinda peke yake mahali pa wazi na kupiga risasi chache asubuhi nzima, ni chaguo linalofaa. Ndani ya kibanda na wenzako watatu, hapana.

*Vifuniko vya kielektroniki.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndivyo ninavyovipendekeza kwa wengi na ndivyo vinavyoeleweka vibaya zaidi. Maikrofoni za nje hukuza sauti ndogo, kisha sauti ikifika kama desibeli 82 hadi 85 mtambo unaacha kuipitisha. Umeme wenyewe haupunguzi mlio wa bunduki. Kinachoupunguza ni kikombe kinachofunika sikio na mto laini wa ukingoni mwake. Kwa hiyo kifuniko chenye kinga ndogo ni dhaifu hata mtambo wake uwe wa kisasa vipi. Tafuta chenye maikrofoni mbili, moja kila upande, ili ujue kundi linatoka kushoto au kulia. Urefu wa ndege angani hutaujua vizuri, maana hilo hutambuliwa na umbo la sikio la nje, ambalo limefunikwa. Na upepo: ufuo wa matope hauna kizuizi, upepo ukigonga maikrofoni unasikia mngurumo tu. Nunua vyenye sponji juu ya maikrofoni, na viwe vyembamba upande wa chini, la sivyo kikombe kitagonga kitako cha bunduki kila ukilenga.

*Vizibo vya kielektroniki.* Vinafanya kazi ileile ndani ya tundu la sikio, na kitako hakivigongi. Ni ghali, na kimoja kikidondoka kwenye matope gizani usitarajie kukiona tena. Nunua vyenye kamba ya shingoni.

*Vyote viwili pamoja.* Sponji ndani, kifuniko cha kielektroniki juu yake, sauti ikiongezwa. Kinga haijumlishwi namba kwa namba: chukua iliyo kubwa, ongeza kama desibeli 5. Kwa vibanda, kwa bunduki yenye mtutu mfupi, na kwa mtu ambaye masikio yake tayari yanavuma, hili ndilo ninalolishauri.

Hatua ya 4: Jaribu ukiwa nyumbani

Vaa nguo zote za mawindo: koti lenye kofia, kofia ya sufu, miwani. Hakikisha bunduki haina risasi, iinue begani mara kadhaa. Mkono wa miwani ukipita chini ya mto wa kifuniko unaacha upenyo, na sufu ikiingia hapo ni vilevile. Kofia ivaliwe juu ya upinde unaounganisha vikombe viwili, isiingie kati ya ngozi na mto.

Sponji huvaliwa hivi: isokote iwe nyembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza, kisha ishikilie kwa kidole sekunde 30 itanuke. Halafu funika masikio kwa viganja huku ukisikiliza kelele ya chumba. Kama kufunika kunaipunguza kwa kiasi kikubwa, sponji haijaziba. Itoe uanze tena. Watu wengi huacha nusu yake nje.

Hatua ya 5: Ufuoni

England msimu wa ufuoni huanza Septemba 1 na kwisha Februari 20, kwa hiyo sehemu kubwa yake ni baridi. Betri za lithiamu huistahimili kuliko za kawaida. Beba za akiba zikiwa zimekauka ndani ya mfuko wa nailoni. Vaa kinga kabla ya kutia risasi. Katika The Wash maji yakianza kujaa, hasa wakati wa bamvua, vijito vya nyuma yako hujaa kwanza. Mwenzako akipuliza filimbi ya kurudi lazima uisikie, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kutokwenda huko na sponji peke yake.

Mbwa naye ana masikio. Mlaze nyuma yako, kamwe asiwe mbele ya mitutu.

Ukirudi, futa chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, toa betri, acha vifuniko vikauke mbali na jiko. Mto ukigumu au kupasuka ubadilishe, kwani haukuzibi tena. Kabla ya Septemba nenda kwa mtaalamu wa usikivu, mwambie unapiga bunduki ya marisau, na umwombe nakala ya mchoro wa vipimo. Mwaka unaofuata mchukulie nakala hiyo alinganishe masafa ya hezi 3,000, 4,000 na 6,000, sikio la kushoto na la kulia kila moja peke yake. Na masikio yakivuma hadi asubuhi ya pili baada ya mawindo, usisubiri mwaka uishe. Nenda wiki hiyohiyo, na bunduki ikae kabatini mpaka upimwe.