Namna ya Kupima Dai Kwamba Madoa ya Jua Huathiri Vimbunga

Mvua inapochelewa Mbozi au inapozidi Rungwe, wapo wanaosema kwamba jua limechafuka na ndilo linaloleta vimbunga katika Bahari ya Hindi. Dai hilo lina chembe ya sayansi ndani yake, na kwa sababu hiyo linastahili kupimwa kwa uangalifu, kazi ambayo mwalimu wa jiografia wa Mbeya au Iringa anaweza kuifanya na wanafunzi wake kwa daftari, kikokotoo na simu yenye intaneti.

Kwanza elewa njia inayodhaniwa. Madoa ya jua, yaani sehemu za uso wa jua zinazoonekana nyeusi kwa kuwa zina joto dogo kuliko zinazozizunguka, huongezeka na kupungua katika mzunguko wa takribani miaka 11, lakini nishati yote inayotufikia, ambayo ni karibu wati 1361 kwa kila mita ya mraba juu ya angahewa, hubadilika kwa takribani asilimia 0.1 tu. Kinachobadilika zaidi ni mionzi ya urujuanimno, ambayo hufyonzwa na gesi ya ozoni na kulipasha joto tabaka la juu la angahewa. Mwaka 2008 James Elsner na Thomas Jagger wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walitoa hoja kwamba joto hilo la juu hupunguza tofauti ya joto kati ya bahari na kilele cha kimbunga, hivyo vimbunga vya Karibi hudhoofika madoa yanapokuwa mengi. Hoja hiyo, kama itasimama, ni kinyume kabisa cha yale yanayosemwa mitaani. Tena inahusu ukali wa vimbunga, kwa hiyo katika daftari lako andika kasi ya juu kabisa ya upepo wa kila kimbunga, usiishie kuhesabu idadi yao.

Idadi ya madoa kwa kila mwezi hutolewa na kituo cha kutazama anga cha Brussels, Ubelgiji, na kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1749. Za vimbunga vya upande wetu hutunzwa na kituo cha Ufaransa kilichopo kisiwani Réunion. Usirudi nyuma kupita miaka ya 1980, kwa maana kabla ya satelaiti kuenea vimbunga vingi vya baharini havikuonekana. Hapa wengi hukosea: msimu wa vimbunga, kama msimu wa mvua wa Nyanda za Juu Kusini, kwa kawaida huanza Novemba na kuishia Aprili, kwa hiyo wastani wa madoa uchukuliwe katika miezi hiyohiyo, si kuanzia Januari hadi Desemba.

Usikubali ushahidi wa tukio moja. Kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, jua likikaribia kiwango chake cha chini kabisa. Freddy iliifurikisha Malawi, jirani wa Kyela, mwaka 2023 madoa yakiongezeka, na Hidaya ikafika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024 jua likiwa karibu na kilele. Dhoruba kubwa ya jua ya Mei 10, 2024 ilitokea baada ya Hidaya kupita, kwa hiyo haiwezi kuwa chanzo chake.

Tenga pia misimu ya El Niño na La Niña, yaani vipindi ambapo maji ya Bahari ya Pasifiki ya tropiki huwa na joto zaidi au pungufu kuliko kawaida, kwa kuwa hubadilisha joto la bahari na pepo za juu, mambo yanayokiongoza kimbunga moja kwa moja. Kisha kokotoa uwiano kati ya wastani wa madoa na kasi ya upepo ya kila msimu, yaani kipimo cha jinsi viwili hivyo vinavyopanda na kushuka pamoja, na uujaribu. Kwa kuwa msimu wenye madoa mengi kwa kawaida hufuatwa na mwingine wa namna hiyo, usiichanganye misimu ovyo. Sogeza safu nzima ya madoa kwa mwaka mmoja, miwili, mitatu na kuendelea, ukirudisha mwanzoni tarakimu zinazobaki mwishoni, na ukokotoe upya kila mara. Tangu 1980 kuna mizunguko takribani minne tu, kwa hiyo ikiwa safu zilizosogezwa zinatoa uwiano mkubwa kama ule wa kwanza, andika kwamba takwimu hizi hazitoshi kulithibitisha dai hilo.