Kuzitoa picha kwenye Nokia 3650

Nokia 3650, ile simu ya mwaka 2003 yenye vitufe vilivyopangwa duara kama simu ya kuzungusha, haina tundu la waya wa kompyuta. Bila mtandao, picha hutoka kwa bluetooth, infraredi au kadi ya kumbukumbu.

Anza na betri. Ni BL-5C ya volti 3.7, na mpya bado zinapatikana. Ya zamani ikiwa imevimba, usiichaji kabisa. Chaja iwe ya Nokia yenye pini nene ya milimita 3.5, ile nyembamba ya milimita 2 hucheza ndani ya tundu. Weka na laini, hata isiyotumika tena, maana bila laini simu haikufikishi kwenye menyu. Laini ya nano ivalishe adapta yenye gundi nyuma, la sivyo itachomoka ndani na kupinda pini.

Simu ikigoma, usibonyeze *#7370#. Hiyo husafisha kumbukumbu ya simu, na picha huondoka nazo.

Picha ni ndogo, 640 kwa 480, kwa hiyo zikiwa chache bluetooth inatosha. Unganisha kwanza simu mbili kwa kuandika namba ileile ya siri pande zote, kisha fungua picha, ingia kwenye chaguo, uitume. Android hupokea, iPhone haipokei faili kwa bluetooth, usipoteze muda. Kompyuta ya Windows nayo lazima uiweke kwanza kwenye hali ya kupokea faili. Likitokea ombi la kusakinisha caribe.sis, kataa: ni kirusi cha Cabir cha mwaka 2004.

Zikiwa nyingi, zihamishie kwenye kadi. Zima simu, toa mfuniko na betri, chomoa kadi. Hiyo ni MMC, aina ya zamani ya kadi ya kumbukumbu, unene milimita 1.4. Kadi ya SD, ile ya kawaida ya kamera, ina milimita 2.1, ndiyo maana haiingii kwenye simu hii, ila MMC huingia kwenye kisomeo cha SD. Visomeo vingine vipya haviitambui. Jaribu cha zamani kabla ya kusema kadi imekufa. Isiposomeka popote nje ya simu, huenda ilifungwa kwa nywila. Irudishe kwenye simu, fungua sehemu ya kumbukumbu, uondoe nywila hiyo hapo. Migusano iliyofifia hung'aa kwa kifutio cha penseli.

Kwenye kompyuta, tafuta faili zote za .jpg badala ya kufungua folda mojamoja. Tarehe zake usiziamini: betri ikikaa tupu muda mrefu, saa ya simu hupotea.