Namna ya Kuizuru Hifadhi ya Taifa ya Komodo

Hifadhi ya Taifa ya Komodo, nchini Indonesia, ilianzishwa mwaka 1980 ili kumlinda kenge wa Komodo, mjusi mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1991 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kati ya visiwa vyake vikuu vitatu, anayetaka kumwona mnyama huyu aende Komodo au Rinca. Padar hupandwa zaidi kwa mandhari yake.

Safari huanzia Labuan Bajo, mji wa bandari ulio magharibi mwa kisiwa cha Flores, unaofikiwa kwa ndege kutoka Jakarta au Bali. Kutoka hapo usafiri ni wa mashua. Mikondo ya bahari baina ya visiwa hivi ni mikali, kwa hiyo hakikisha kila abiria ana jaketi la kujiokolea, wala usimshurutishe nahodha kung'oa nanga bahari inapochafuka. Kiangazi, kuanzia Aprili hadi Novemba hivi, ndicho kipindi kizuri, ingawa jua huwa kali na vivuli ni haba. Beba maji ya kutosha na kofia.

Fika kisiwani mapema asubuhi. Kenge huota jua ili mwili upate joto, na ifikapo adhuhuri hujificha kivulini, hivyo anayechelewa huenda asione kitu isipokuwa mkia chini ya kichaka.

Hairuhusiwi kutembea bila askari wa hifadhi, ambaye hubeba fimbo ndefu yenye panda ya kumzuia mnyama anayesogea. Mtii bila kubishana. Kenge aliyekomaa huweza kufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 70 au zaidi, na huyo unayemdhania amelala anaweza kufyatuka kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa kwa mwendo mfupi. Meno yake yana makali kama ya msumeno, na sumu yake huzuia damu isigande, kwa hiyo jeraha lake si la kupuuzwa hata kidogo. Ulimi wake wenye panda hunasa harufu ya damu kutoka mbali: mwenye kidonda, au mwanamke aliye katika siku zake, amwarifu askari kabla ya matembezi, na hapana aibu yoyote katika hilo. Usichuchumae ili kupiga picha, usimtenge mtoto na kundi, wala usikimbie.

Tazama juu pia, kwa kuwa kenge wachanga huishi mitini wakiwakwepa wakubwa, ambao huwala. Kuanzia Septemba majike hutaga mayai, mara nyingi katika vichuguu vilivyorundikwa na ndege, kisha huyalinda kwa ukali. Vichuguu hivyo vipite kwa mbali.

Usimtupie mnyama chakula. Zamani mbuzi walitolewa ili kuwafurahisha watalii, desturi iliyowazoesha kenge kuwangoja watu badala ya kuwinda, na ni jambo jema kwamba ilikomeshwa. Tangu 2021 kenge huyu ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, mojawapo ya sababu ikiwa ni mabadiliko ya tabianchi.

Viingilio hubadilika mara kwa mara. Viulizie Labuan Bajo kabla ya kulipia mashua. Bakiza pia fedha taslimu kidogo kwa ajili ya vinyago vya mbao vinavyochongwa na wenyeji wa kijiji cha Komodo, wanaoishi ndani ya hifadhi.