Kutoka Alama Ghafi hadi Daraja: Jinsi ya Kukokotoa Matokeo ya IGCSE

Mwanafunzi mwenye alama 137 kati ya 200 amepata asilimia 68.5. Hati yake ya matokeo inaweza kuonyesha B na namba 76, na hakuna aliyekosea. Katika mitihani ya Cambridge, ikiwemo IGCSE (mtihani wa kimataifa wa sekondari), daraja halitokani na asilimia ya alama, linatokana na mipaka, yaani alama za chini kabisa za kupata kila daraja, inayowekwa baada ya karatasi kusahihishwa, kila msimu wa mitihani upya. Karatasi ikiwa ngumu, mpaka unashuka. Ikiwa rahisi, unapanda. Ndiyo maana ukitumia mipaka ya mwaka jana unakisia tu.

Tuchukue Fizikia, ngazi ya Extended (ya juu; ile ya msingi inaitwa Core). Kuna Karatasi ya 2 ya maswali ya kuchagua (alama 40, uzito asilimia 30), Karatasi ya 4 ya nadharia (alama 80, asilimia 50), na Karatasi ya 6, inayofanywa badala ya mtihani wa maabara (alama 40, asilimia 20). Alama zilizoandikwa kwenye karatasi ndizo alama ghafi. Usizijumlishe zilivyo, kwa kuwa alama moja ya Karatasi ya 2 ina uzito zaidi kuliko moja ya Karatasi ya 4. Kwa jumla ya 200, zidisha Karatasi ya 2 kwa 1.5, ya 4 kwa 1.25, na ya 6 kwa 1.

Mwanafunzi wetu ana 30, 52 na 27. Zikizidishwa zinakuwa 45, 65 na 27, jumla 137. Angejumlisha alama ghafi angepata 109 kati ya 160, kisha akailinganisha na mipaka ya 200 na kulia bure.

Sasa fungua jedwali la mipaka ya msimu husika. Kwanza tafuta msimbo wa somo, kisha mchanganyiko wa karatasi alizofanya. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: karatasi 41, 42 na 43 zote ni Karatasi ya 4, ila ni matoleo tofauti na kila moja ina mipaka yake. Usisome mstari wa jirani. Tuseme mchanganyiko wake unaanza A kwenye 145 na B kwenye 125. Kwa 137 yuko B. Angekuwa na 144 angebaki B vilevile.

Namba 76 ni asilimia sawazishwa. A inaanzia 80, B 70, C 60, na kuendelea hivyo kwa kushuka kumi kumi hadi G, 20. A* inaanzia 90. Ndani ya daraja alama zinagawanywa kwa uwiano: amepita mpaka wa B kwa 12, upana wa B ni 20, kwa hiyo 12 ÷ 20 × 10 = 6, na 70 + 6 = 76. Mwalimu akikuambia mtoto "amepata asilimia 76", muulize ni ipi anayosema.

Jedwali lina pia mipaka ya kila karatasi. Isome kwa tahadhari: A* haipo kabisa katika ngazi ya karatasi moja, na wastani wa herufi za karatasi tatu haukupi daraja la somo. Aliyefanya ngazi ya Core hawezi kupita C, hata apate alama zote.

Diploma ya IB (International Baccalaureate, mfumo mwingine wa kimataifa) ina utaratibu mwingine: masomo sita, kila moja 1 hadi 7, na hadi pointi 3 za ziada, jumla 45. Kupata diploma kunahitaji angalau 24, pamoja na masharti mengine. Mipaka ya 1 hadi 7 nayo hubadilika kila msimu.

Kabla ya kuomba karatasi ihakikiwe upya, kokotoa pengo kwa alama ghafi. Mwanafunzi wetu anakosa alama 8 zenye uzito (zilizokwisha kuzidishwa) kufika A. Kwenye Karatasi ya 4 hiyo ni 8 ÷ 1.25 = 6.4, yaani alama 7 ghafi. Kwa msahihishaji mmoja kukosea saba ni nadra, na alama zinaweza pia kushuka. Pengo likiwa la alama moja au mbili, hapo ombi lina maana.