Namna ya Kuisoma Nchi Iliyoandikwa Chini ya Kamera

Muuzaji wa kamera zilizotumika pale Darajani, mjini Unguja, ana desturi moja: kabla mteja hajauliza bei, huipindua kamera, hukifuta kitako chake kwa kidole gumba, na kumuonesha maandishi madogo yanayosema kuwa imetengenezwa Japani. "Hii Japani yenyewe, shekhe," husema, na bei hupanda papo hapo. Akiwa na nyengine ya namna ile ile iliyoandikwa Thailand au China, huisogeza pembeni ya kabati. Mimi hupiga picha za harusi Unguja na Pemba, na kwa miaka mingi niliilipa tofauti hiyo bila ya kuhoji. Maelezo haya ni kwa ajili ya mtu anayetaka kununua kamera hapa kwetu na kujua maandishi hayo yana uzito gani.

Kwanza elewa yanasema nini. Hutaja nchi ambamo kazi ya mwisho ya kuunganisha ilifanyika, basi. Sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha, huenda ilitoka kiwanda chengine na vioo vya lenzi nchi nyengine kabisa, na wahandisi wa kampuni ndio waliochora bodi, yaani kamera yenyewe bila ya lenzi, na kuamua kila kipande kikaguliwe vipi kabla ya kutiwa ndani ya boksi. Mafuriko ya Oktoba 2011 yalipokizamisha kiwanda cha Ayutthaya, Thailand, aliyeathirika alikuwa Nikon, kampuni ya Kijapani. Na mtetemeko wa ardhi wa Aprili 2016 uliposimamisha kiwanda cha sensa cha Sony huko Kumamoto, Japani, shida iliwafikia pia watengenezaji wengine waliozitegemea sensa hizo, popote walipokuwa wakiunganisha kamera zao.

Kisha tazama shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapobonyeza, ambalo ni miongoni mwa vipande vinavyochakaa mapema. Shata ya Nikon D5600 ilipimwa na kampuni kuhimili picha 100,000, ya D750 picha 150,000 na ya D850 picha 200,000, na kamera zote tatu zimeandikwa Thailand. Kinachozitenganisha ni daraja la kamera na bei ambayo kampuni ilikusudia kuiuza. Ni kweli kwamba D6, iliyopimwa kwa picha 400,000, iliunganishwa Japani ilipotoka mwaka 2020, na muuzaji wetu angependa hesabu iishie hapo. Lakini Z9, iliyotoka mwaka 2021 ikiwa kamera ya juu kabisa ya kampuni hiyo, huunganishwa Thailand, na shata ya mitambo haina kabisa.

Sifa ya nchi nayo hugeuka. Mwaka 1950, bidhaa za Japani zilipokuwa bado zinadharauliwa nje, wapiga picha wa Marekani waliokwenda kwenye Vita vya Korea ndio walioanza kuzisifu lenzi za Nikkor, ambazo ni za Nikon. Leica, kampuni ya kamera ambayo watu huihesabu kuwa Ujerumani tupu, ina kiwanda Ureno tangu mwaka 1973.

Hata hivyo maandishi hayo yana kazi yake. Yasome pamoja na namba ya utambulisho wa bodi, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye kadi ya dhamana. Kibandiko kilichochanwa au namba iliyokwanguliwa ni sababu ya kuuliza maswali mengi. Pia usichanganye nchi ilikotengenezwa na nchi ilikouzwa. Nimemuona kijana mmoja akijivunia kuwa Sony yake imetoka Japani, na kwa hakika ilitoka dukani Japani, kama yatokavyo magari yetu. Kitako chake kilisema Thailand, na menyu yote ilikuwa ya Kijapani, bila ya njia ya kuibadilisha, kwa sababu kamera nyingi za Sony za soko la ndani la Japani huuzwa hivyo. Kabla ya kutoa fedha, fungua menyu na uitafute lugha unayoijua.

Sasa tuje kwenye linalotuhusu zaidi sisi watu wa visiwani, nalo ni maisha iliyoishi kamera baada ya kutoka kiwandani. Hewa yetu ina chumvi, na masika huleta unyevunyevu unaoingia hadi ndani ya begi lililofungwa. Niliwahi kununua bodi iliyoandikwa Japani, safi kwa nje kama iliyotoka jana, na shata yake ikakwama katikati ya harusi Chake Chake, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anatolewa nje. Fundi alipoifungua alinionesha kutu ya kijani ndani yake. Kitako hakikuwa na la kusema juu ya hilo.

Kwa hiyo nenda mchana, ukiwa na memori kadi yako na tochi ya simu. Toa lenzi, fungua tundu lake la kupitishia mwanga mpaka mwisho, na umulike kutoka nyuma kwa mshazari huku ukitazama kwa mbele. Vumbi kidogo halina neno. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika mithili ya utando wa buibui au mizizi ya mche mchanga: huo ni ukungu, na ukikaa muda mrefu hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hata usafishwe vipi alama hubaki. Mimi lenzi ya namna hiyo huirudisha mezani bila ya kujadili bei.

Baada ya hapo fungua mlango wa betri na utazame vile vibati vya shaba kama vina ukijani, kisha uangalie skrubu za chini. Zilizochubuka vichwa zinaonesha kuwa kamera imeshafunguliwa. Piga picha ya ukuta mweupe kwa kasi ya sekunde 1/4000, mara kumi mfululizo, na uone kama upande mmoja unaingia giza, kisha urudie kwa tundu dogo, f/16, ili madoa ya sensa yajitokeze. Ikiwa ni Nikon, faili la picha hubeba idadi ya picha zilizokwisha kupigwa, na ipo programu ya kompyuta ya kuisoma.

Kamera mbili za namna moja zikipita majaribio yote, moja ya Japani na nyengine ya Thailand, chukua iliyopiga picha chache. Tofauti ya bei ambayo muuzaji anaidai kwa ajili ya kitako, inunulie boksi la plastiki lenye mpira mdomoni na pakiti za silika za kunyonya unyevu, kabla masika hayajaingia.